Sidi Mubarak Bombay na Kiangazi cha Mgunda Mkali



Katika kijitabu hiki cha ukumbusho wa miaka kumi ya ushirika wetu mtasoma habari za ghala, za mizani na za hesabu. Mimi katibu wenu nimepewa kurasa chache za kueleza maisha ya mtu mmoja mashuhuri wa zamani. Wako watemi waliopigana vita, na wako viongozi waliotuletea uhuru. Habari zao zimeandikwa mara nyingi, na kalamu zilizo bora kuliko yangu. Nimemchagua mtu ambaye hakuwa mtemi wala tajiri, lakini alipita katika nchi hii yetu kwa miguu, kwenda na kurudi, huku amechukua dhamana ya mali na maisha ya watu. Jina lake ni Sidi Mubarak Bombay, aliyefariki mwaka 1885.

Huenda mwanachama akauliza, mtu huyu anatuhusu nini sisi wakulima wa Itigi? Namwomba avumilie kidogo. Sisi sote twakijua kiangazi cha hapa. Mvua zetu ni za msimu mmoja tu, tangu Novemba au Desemba hata Aprili. Baada ya hapo mbingu hufungwa. Vichaka vya Itigi, vilivyosongamana hata mtu hawezi kupenya bila panga, hupukutisha majani yake vikabaki fito tupu. Akina mama huamka alfajiri kwenda kutafuta maji, na ndoo inayojaa upesi wakati wa masika hujaa kwa kuchota kidogo kidogo kwa kata. Warina asali huingia porini, wafugaji huhamisha ng'ombe, na mioto ya nyika huonekana usiku kwa mbali. Ndio wakati wa kuuza mazao, wa kuoza mabinti, wa kujenga nyumba, na ndio wakati wa kudaiwa. Bombay alikijua kiangazi hiki. Naye alijua habari ya kudaiwa mapema mno, kabla hajabaleghe.

Deni la njaa

Bombay alizaliwa karibu na mwaka 1820 katika nchi ya Wayao, kusini mwa Tanganyika ya baadaye. Mama yake alifariki yeye akiwa mtoto mchanga, hata hakuweza kumkumbuka vema. Baba yake alikuwa mtu wa kijijini. Habari hizi alizisimulia mwenyewe ukubwani, na mzungu mmoja akaziandika.

Katika miaka ya dhiki, wakati chakula kilipokuwa haba, watu wa kijiji chake walikopa nguo na shanga kwa wafanyabiashara waliotoka pwani. Hapana shaka kila mmoja alikopa kwa nia ya kulipa, na kila mmoja aliona deni lake kuwa dogo. Siku moja, Bombay akiwa na umri wa miaka 12 hivi, wafanyabiashara hao walirudi. Safari hii hawakuja na bidhaa tu. Walikuja na watu wengi wenye bunduki na panga, wakakizingira kijiji, wakataka madeni yote yalipwe papo hapo. Wanakijiji hawakuwa na la kulipa. Bunduki zikalia. Waliokufa walikufa, waliokimbia walikimbia, na waliokamatwa walifungwa wakachukuliwa pwani. Miongoni mwao alikuwamo mtoto huyu. Hakumwona baba yake tena.

Kilwa akauzwa kwa nguo. Akavushwa hata Unguja, akauzwa tena, akapelekwa Bara Hindi. Huko alitumika miaka mingi, akajifunza Kihindi, na jina la mji wa Bombay likaambatana naye maisha yake yote. Jina alilopewa na wazazi wake limepotea. Bwana wake alipofariki, Bombay akapata uhuru, akarudi Afrika ya Mashariki, akaandikwa askari wa Sultani wa Unguja katika ngome ndogo iliyokuwa karibu na Pangani.

Naomba tutulie hapa kidogo. Mara nyingi twafikiri kwamba biashara ya utumwa ililetwa na bunduki peke yake. Katika kijiji cha Bombay bunduki ilikuja baadaye. Lililotangulia ni deni la njaa. Mtu mmoja mmoja alikopa peke yake, usiku, kwa haya, bila jirani kujua. Lakini siku ya kulipa kijiji kizima kililipa, na mtoto asiyekopa hata upande wa nguo alilipa kwa maisha yake.

Utumwa ulikwisha, lakini deni la njaa lipo hata leo. Sisi twalijua kwa jina la kuuza mazao yangali shambani. Huchukuliwa masika, ghala la nyumbani linapokuwa tupu, na hulipwa kiangazi, mtu anapokuwa amevuna. Aliyepokea fedha kidogo mwezi wa Februari hutoa gunia zima mwezi wa Juni, tena gunia la lumbesa. Simlaumu mwanachama mwenye njaa. Nasema tu kwamba ushirika ulianzishwa kwa ajili ya mtu huyo hasa, asiwe peke yake usiku ule anapokwenda kukopa.

Kuingia katika safari

Mwezi wa Februari 1857 wazungu wawili, Richard Burton na John Speke, walifika katika ngome ya Bombay. Walikuwa wakijitayarisha kwenda bara kutafuta maziwa makuu. Walimpenda askari huyu kwa bidii na uaminifu wake, na Speke, aliyekuwa amekaa Bara Hindi, aliweza kusema naye Kihindi. Lakini Bombay alikuwa na madeni. Hapakuwa na njia ya kumtoa ngomeni ila kumlipia kwanza, nao wakamlipia. Hivyo mtu aliyetiwa utumwani kwa madeni ya wazee wake, aliianza kazi iliyompa sifa siku alipofutiwa madeni yake mwenyewe.

Wakatoka pwani katikati ya mwaka 1857, wakashika njia kuu ya misafara iliyopita Ugogo kwenda Kaze, yaani Tabora. Ilikuwa njia ya pembe za ndovu, na ilikuwa pia njia ya watumwa. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi na Wasukuma. Watu hawa walikuwa wakulima kama sisi: wakisha kuvuna walijitwika mizigo, wakashuka pwani wakati wa kiangazi, na wengi walitaka kuwa nyumbani tena mvua zikianza. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kiasi cha frasila mbili, yaani ratili 70 hivi, na posho yake kwa siku ilikuwa kibaba cha nafaka.

Wapagazi hawakutembea ovyo. Kirangozi alitangulia na bendera. Jioni walijigawa katika kambi ndogo ndogo. Watu wa kambi moja walilala pamoja na kula chungu kimoja. Mmoja alikwenda kuteka maji, mwingine kutafuta kuni, mwingine kukata miiba ya boma, mwingine kupika. Mtu aliyeugua alitegemea kambi yake. Hapana mwalimu wa ushirika aliyewafundisha, njia iliwafundisha.

Mgunda Mkali

Baada ya Ugogo, msafara ulivuka Mdaburu ukaingia katika pori kubwa, na haukupata tena vijiji vingi hata ulipofika Tura, katika mpaka wa Unyamwezi. Pori hilo liliitwa Mgunda Mkali. Mgunda maana yake ni shamba, na ukali wake ni ukali wa moto na wa kiu. Ndugu zangu, pori hilo ni nchi yetu hii, na vichaka vilivyowachania watu wale nguo ni vichaka hivi tunavyovikata leo kufanya mashamba. Msafara wenye afya ulihitaji karibu wiki moja kulivuka. Bombay alilivuka mara ya kwanza mwezi wa Oktoba 1857, mwisho wa kiangazi, wakati ambapo hata sisi wenye visima twasumbuka. Katika safari alizofanya na wazungu alilivuka kwa uchache mara sita, kwenda na kurudi.

Kabla ya kuingia porini ilibidi kupita katika nchi ya Wagogo, na huko kila mtemi alitaka hongo. Wasafiri wengi waliandika kwa hasira juu ya hongo hiyo, wakaiita unyang'anyi. Lakini tuitazame kwa jicho la mwenye kisima. Ugogo ni nchi kavu. Maji ya kiangazi yalipatikana kwa kuchimba, mara nyingi katika mchanga wa makorongo, na watu wa kijiji walijua ni siku ngapi yangewatosha wao na mifugo yao. Ghafla ukaja msafara wa mamia ya watu na punda, wakanywa kwa siku moja maji ya kijiji ya siku nyingi, wakanunua na nafaka. Je, mwenyeji asiseme neno?

Kazi ya Bombay na wenzake ilikuwa kukaa na watemi hao, kutwa, na pengine siku kadhaa, wakihesabu nguo na shanga hata pande zote mbili ziridhike. Yeye alijua kwamba maji yaliyochukuliwa kwa nguvu hunywewa mara moja tu, kwa sababu msafara utarudi kwa njia ile ile, na mwenye kisima atakuwapo. Hili nalisema kwa ajili ya mambo yetu wenyewe. Kila kiangazi twasikia magomvi ya wakulima na wafugaji juu ya maji na mapito ya ng'ombe. Wako wanaotaka kuyamaliza kwa fimbo. Njia ya Bombay ilikuwa ndefu zaidi na ya kuchosha, lakini watu walifika salama.

Msafara huo ulifika Kaze tarehe 7 Novemba 1857, na Ujiji mwezi wa Februari 1858. Mwaka huo huo Burton alibaki Kaze mgonjwa, na Speke akaenda kaskazini pamoja na Bombay, wakafika penye ziwa la Nyanza tarehe 3 Agosti. Vitabu vingi vyasema Speke aliliona ziwa hilo. Ni kweli, aliliona. Lakini aliyekuwa akiuliza njia na kutafsiri majibu ni Bombay, na wenyeji walikuwa wakivua samaki humo tangu enzi za mababu zao.

Wapagazi walipotoroka

Safari ya pili, ya Speke na James Grant, ilitoka pwani mwezi wa Oktoba 1860. Bombay alikuwa mmoja wa wakubwa wake. Walifika Ugogo na Mgunda Mkali mwisho wa mwaka, wakati mbaya kuliko wote. Nchi ilikuwa na njaa, nafaka ilikuwa ghali, na mara mvua zikaanza, makorongo yaliyokuwa makavu yakafurika. Hapo wapagazi wakaanza kutoroka. Leo wachache, kesho wengi, hata mizigo ikabaki porini bila watu wa kuichukua, na nyingine ikaibwa. Ilibidi kutuma watu Kaze kwa Musa Mzuri, mfanyabiashara Mhindi, kuomba wachukuzi. Msafara uliingia Kaze mwezi wa Januari 1861 ukiwa umepoteza sehemu kubwa ya mali yake.

Katika vitabu wapagazi hao wameitwa waongo na wezi. Bila shaka wezi walikuwamo. Lakini mkulima akisoma habari hii huona na jambo jingine. Mvua zimeanza, shamba la mtu liko mbele siku chache tu, tumbo lake ni tupu, na hajui kama kibaba cha kesho kitakuwapo. Mtu wa namna hiyo hahitaji kushawishiwa na shetani ili aweke mzigo chini.

Nataka kukiri jambo moja mbele yenu, maana sherehe isiwe ya sifa peke yake. Katika mwaka mmoja wa miaka hii kumi, malipo ya alizeti yalichelewa. Wanachama waliokuwa wameleta magunia yao kwa uaminifu walikuja ofisini jioni baada ya jioni, na jibu langu lilikuwa lile lile: subirini. Mzee mmoja alikuja mara nne. Mara ya tano hakuja. Msimu uliofuata nilisikia kwamba ameuza mazao yake yote kwa mchuuzi wa njiani, kwa bei ndogo, fedha mkononi. Katika kikao tulimtaja miongoni mwa wanachama waliokisaliti chama. Hakuna aliyeuliza alikula nini katika wiki zile alizotusubiri. Nami niliyejua nilinyamaza. Nilipoisoma habari ya Mgunda Mkali nilimkumbuka mzee yule, nikaona haya. Mpagazi alitoroka, ndiyo. Lakini posho yake ilikuwa wapi?

Kudumu katika kazi

Bombay hakutoroka. Aliendelea na Speke na Grant kwa kupitia Karagwe na Buganda. Mnamo tarehe 28 Julai 1862 Speke alifika mahali Mto Nile unapotoka katika ziwa la Nyanza. Na mwezi wa Februari 1863 msafara ulifika Gondokoro, ukaendelea hata Misri. Watu wachache waliodumu walirudishwa Unguja kwa merikebu. Mwaka 1871 aliongoza walinzi wa Henry Stanley, akavuka Mgunda Mkali tena, na mwezi wa Novemba alikuwapo Ujiji siku Stanley alipokutana na Livingstone. Mwaka 1873 alitoka tena pwani pamoja na Verney Cameron, akapita Tabora na Ujiji, akaikata Afrika yote hata akatokea pwani ya Angola mwezi wa Novemba 1875.

Tusimfanye malaika. Alilaumiwa kwa ulevi, alilaumiwa kwa bidhaa zilizopotea mikononi mwake, na Stanley aligombana naye mara nyingi. Naye alivumilia mambo ambayo mtu huru hapaswi kuyavumilia. Speke alimpiga ngumi za uso akamwumiza meno, kwa sababu tu Bombay alikuwa na maoni mengine juu ya amri aliyopewa. Hata hivyo hakuacha dhamana ya wenzake. Nadhani hapo ndipo ulipo ukubwa wake. Wakubwa wa safari walibadilika: Burton, Speke, Grant, Stanley, Cameron. Kila mmoja alikuja, akapata alichokitaka, akaenda zake kuandika kitabu. Mtu aliyejua penye maji, aliyejua jina la mtemi, na aliyejua ni mpagazi gani mgonjwa, alibaki kuwa yule yule.

Mwaka 1876 Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kilimpa nishani ya fedha na malipo ya uzeeni. Kwa mtu aliyepoteza jina lake mwenyewe, si kitu kidogo kwamba jina alilolipata baadaye liliandikwa. Akafariki mwaka 1885. Lakini maelfu ya wapagazi waliobeba mizigo pamoja naye hawakuandikwa mahali popote. Majina yao yalikuwa katika daftari za posho, na daftari za posho hazikuhifadhiwa.

Neno la mwisho

Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Ilipita katikati ya Mgunda Mkali, na stesheni yetu ya Itigi ikawekwa juu yake. Tangu hapo hakuna mtu aliyelazimika kuchukua frasila mbili kichwani toka Tura hata Bagamoyo. Safari iliyochukua miezi ikawa ya siku chache. Hata hivyo kiangazi hakikuondoka na misafara. Kiu ipo, njaa ya Februari ipo, na mtu wa kukopesha usiku yupo, ingawa siku hizi huja kwa pikipiki.

Basi, kwa heshima zote, nataka kuwaachia wanachama na wajumbe mambo matatu ya kufikiri kabla ya mkutano mkuu. La kwanza, tuwe na akiba ya nafaka ya chama, inunuliwe kiangazi bei ikiwa chini, ikopeshwe kwa wanachama masika kwa kipimo cha haki, gunia kwa gunia, ili asiwepo mtu wa kuuza shamba lake kabla halijazaa. La pili, malipo yakichelewa, viongozi tuwaambie wanachama ukweli siku ile ile, na mwenye shida apewe sehemu ya posho yake kabla hatujaanza kumwita msaliti. La tatu ni dogo, nalo ni kazi yangu. Daftari la wanachama liandikwe vizuri, kila jina kwa ukamilifu wake, aliyeleta gunia mia na aliyeleta debe moja, na lihifadhiwe mahali pasipofikiwa na mchwa.

Mimi mwenyewe nimekwisha kuanza kulinakili upya. Jina la mzee yule nimelikuta katika ukurasa wa kwanza, maana alikuwa miongoni mwa waanzilishi. Sikulifuta. Nimekwenda kwake, nikamwomba radhi, nikamwambia kwamba nafasi yake ipo. Alinikaribisha maji ya kunywa, katika mwezi wa Oktoba, wakati maji hapa petu ni mali. Hakusema kama atarudi. Lakini yule anayekunywesha maji wakati wa kiangazi hajakukataa.

Ushirika wetu udumu, na mvua zije kwa wakati wake.